Mwongozo kamili: Kutambua aina za epithelia kwenye hadubini bila kubahatisha

Kila ukifika msimu wa mitihani ya vitendo, kosa ni lile lile. Mwanafunzi amekariri jedwali lote la epithelia, yaani tishu zinazofunika mwili na kutandika mifereji yake. Ukimwuliza kibofu cha mkojo kina nini, anajibu papo hapo: epithelia ya mpito. Trakea, lile bomba la hewa? Matabaka bandia. Kisha anawekewa slaidi isiyo na jina, anainama kwenye hadubini, anaona zambarau na waridi zimechanganyika, na anaandika jina la kwanza linalomjia.

Nimesimama kwenye meza za maabara muda wa kutosha kujua kwamba wanafunzi hawa si wavivu. Wanaanzia mahali pasipofaa. Wanatafuta umbo la seli kwanza, na umbo la seli ndilo gumu kuliko yote kulionea macho, kwa sababu kwenye slaidi za kawaida mipaka baina ya seli na seli imefifia mno. Kinachoonekana waziwazi ni viini. Kwa hiyo tutakwenda kwa mpangilio mmoja tu: tafuta uwazi, shuka hadi sakafu, hesabu matabaka, ndipo uulize umbo, tena umbo hilo ulisome kwenye viini.

Tenga saa mbili tulivu. Usiruke hatua ya kwanza hata kama unaiona ya kitoto.

## Vifaa vya kuandaa

- Hadubini ya mwanga yenye lenzi za 4, 10 na 40. Lenzi ya 100 ya mafuta haihitajiki hapa.
- Slaidi tupu mbili au tatu, na vioo vyembamba vya kufunikia.
- Vijiti vya pamba vipya, vile vya masikioni.
- Maji ya chumvi: gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji safi.
- Methilini bluu ya asilimia 1 au hafifu zaidi. Ikikosekana, iodini inafaa.
- Karatasi laini ya kunyonya maji.
- Chombo chenye maji ya dawa ya klorini, cha kutupia vijiti vilivyotumika.
- Slaidi zilizokwisha tengenezwa kwa rangi za hematoksilini na eosini: umio, ngozi, trakea, utumbo mwembamba, figo, pafu na kibofu cha mkojo.
- Karatasi nyeupe, penseli ya zambarau na ya waridi.

Kama huna hadubini, tafuta picha za slaidi hizo saba, uzichapishe kwa rangi, na uanzie hatua ya 3. Utapoteza kitu kimoja muhimu, nacho ni mazoea ya kusogeza slaidi na kuchagua mahali pa kutazama.

## Mambo manne ya kukaa nayo kichwani

Epithelia ni tishu ya kufunika na kutandika. Imefunika mwili kwa nje, imetandikwa ndani ya kila mfereji na kila mfuko, na ndiyo inayojenga tezi.

Seli zake zimebanana, hakuna nafasi ya maana kati yake. Upande wake mmoja uko huru, unatazama nje au unatazama uwazi. Upande wa pili umeketi juu ya utando wa msingi, na chini ya utando huo kuna tishu unganishi. Tena ndani yake hamna mishipa ya damu: oksijeni na chakula huifikia kwa kupenya kutoka chini.

Sifa hii ya mwisho itumie kama mwongozo wa njia. Ukiona mshipa wa damu wenye chembe nyekundu ndani yake, ujue umekwisha toka kwenye epithelia na umeingia tishu unganishi. Kuna mahali pamoja panapodanganya, tutafika hapo kwenye hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Chota seli za shavu lako

Suuza mdomo mara mbili kuondoa mabaki ya chakula. Chukua kijiti cha pamba, kizungushe upande wa ndani wa shavu kwa sekunde kumi hivi bila kukwaruza. Weka tone la maji ya chumvi katikati ya slaidi, kisha zungusha kijiti ndani ya tone. Tone likipata ukungu kidogo, seli zimeingia.

Maji ya chumvi yanatumika kwa sababu ukolezi wake unakaribiana na wa majimaji ya mwili. Maji matupu huingia ndani ya seli na kuivimbisha, ukaishia kuchora umbo ambalo si lake.

Ongeza tone dogo la methilini bluu na usubiri dakika moja. Shika kioo cha kufunikia kwenye kingo, kigusishe ubavuni mwa tone kikiwa kimeinama, kisha kishushe taratibu. Ukikiangusha ghafla utanasa mapovu ya hewa. Povu hutambulika kwa ukingo wake mnene mweusi na duara lake kamilifu mno. Seli haina duara kamilifu hivyo.

Rangi ikizidi hadi kila kitu kikawa bluu, usianze upya. Weka tone la maji ya chumvi upande mmoja wa kioo, gusisha karatasi ya kunyonya upande wa pili, na rangi ya ziada itavutwa.

Onyo. Kila mtu atumie seli zake mwenyewe, kwa sababu mate hubeba vijidudu. Kijiti kilichotumika kiingie kwenye klorini mara moja. Na vaa koti la maabara: methilini bluu ikishika nguo nyeupe haitoki.

## Hatua ya 2: Tazama kutoka juu, na upime

Anza na lenzi ya 4, utafute vijidoa vya bluu. Sogea kwenye 10, weka seli moja katikati, kisha 40. Ukiwa kwenye 40 tumia skrubu ndogo peke yake. Skrubu kubwa inaweza kuisukuma lenzi ikagonga slaidi, na lenzi iliyokwaruzwa haina dawa. Seli zikionekana hafifu, usiongeze mwanga: punguza. Funga kidogo kiwambo, kile cha kupunguzia mwanga chini ya meza ya slaidi, na kingo zitajitokeza.

Unachotafuta kinafanana na mayai ya kukaanga: eneo pana lililotandaa, na kiini kimoja cheusi kidogo karibu na katikati. Seli nyingine zimekunjika pembeni kama kona ya karatasi. Kunjo hizo ni ushahidi kwamba unatazama kitu chembamba sana.

Sasa pima. Kwenye lenzi ya jicho kuna namba, aghalabu 18 au 20, ambayo ni upana wa uwanja wa kuonea kwa milimita, kabla ya kugawanywa. Igawanye kwa lenzi unayotumia: 18 kwa 40 ni milimita 0.45, yaani maikromita 450. Seli ya shavu huchukua takriban sehemu moja ya nane ya upana huo, maikromita 50 hadi 60. Ukipata kitu cha maikromita 7 au 8, kisicho na kiini, hicho ni chembe nyekundu ya damu, umekwaruza shavu.

Hapa tua kidogo, maana jambo hili ndilo linalofungua mengine yote. Chapati ukiitazama kutoka juu ni duara pana. Ukiikata na kutazama mkato wake, unaona mstari mwembamba. Chapati ni ile ile. Seli uliyoiona sasa hivi ni chapati iliyotazamwa kutoka juu. Slaidi za maabara zimekatwa vipande vya unene wa maikromita 5 hivi, na humo aghalabu unaona ubavu. Seli hiyo hiyo ya shavu ikikatwa ubavu itaonekana kama ufito mwembamba wenye kiini kilicholala.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kuchora seli moja kwa namna zote mbili, kutoka juu na kutoka ubavuni, bila kufungua daftari.

## Hatua ya 3: Tafuta uwazi kabla ya kutafuta seli

Chukua slaidi ya umio. Ishike mkononi kwanza, uitazame kwa macho matupu ukiielekeza kwenye mwanga. Utaona duara au kipande chenye ukingo wa zambarau. Kisha iweke kwenye hadubini na ubaki kwenye lenzi ya 4.

Zambarau ni kazi ya hematoksilini, inayoshika viini. Waridi ni kazi ya eosini, inayoshika sitoplazimu, yaani sehemu ya seli inayozunguka kiini, na nyuzi za kolajeni za tishu unganishi. Eneo jeupe tupu lisilo na rangi ni uwazi: ndani ya mfereji, ndani ya kifuko cha hewa, au nje ya mwili kama ni ngozi.

Epithelia iko pale ambapo rangi inakutana na weupe. Fuata ukingo huo kwa kusogeza slaidi, uuzungukie wote. Wanaokimbilia lenzi ya 40 mara moja hujikuta katikati ya msuli au mafuta, na huko hakuna wanachokitafuta.

Onyo. Si kila weupe ni uwazi. Tishu ikikauka vibaya hupasuka, na mpasuko nao ni mweupe. Mpasuko una kingo zilizochanika, tena huweza kukatiza katikati ya msuli. Uwazi wa kweli umetandikwa seli mfululizo kwenye ukingo wake.

## Hatua ya 4: Shuka hadi sakafu

Panda lenzi ya 10. Kutoka kwenye uwazi, shuka ukipita viini vilivyobanana mpaka ufike mahali ambapo viini vinatawanyika na nyuzi za waridi zinaanza. Mpaka huo ndiyo sakafu.

Utando wa msingi wenyewe ni mwembamba mno, kwa rangi hizi huuoni. Isipokuwa kwenye trakea: kule ni mnene kiasi kwamba unaonekana kama utepe laini wa waridi chini ya seli. Penginepo unaona mpaka tu, nao unatosha.

Pale panapodanganya nilipopataja ni hapa. Kwenye ngozi na umio sakafu haiko sawa. Tishu unganishi hupanda juu kama vidole na kuingia katikati ya epithelia. Kisu kikipita kwenye kidole hicho kwa mlalo, utaona kisiwa cha waridi chenye mshipa mdogo wa damu, kimezungukwa na seli za epithelia pande zote. Mwanafunzi huandika kwamba epithelia ina mishipa. Haina. Mshipa umo ndani ya kidole cha tishu unganishi, na kidole hicho kina sakafu yake kukizunguka.

Ukiweza kuufuata mpaka wa chini kwa ncha ya penseli kwenye mchoro wako, bila kukatika kutoka upande hadi upande, endelea.

## Hatua ya 5: Hesabu matabaka

Panda lenzi ya 40. Kutoka sakafuni kwenda kwenye uwazi, hesabu viini vilivyopangana. Kimoja, au vingi?

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa.

Kwanza, mkato wa mshazari. Kata ndizi moja kwa moja upate duara, kisha ikate kwa mshazari upate kipande kirefu. Kisu cha maabara nacho hupita mara nyingine kwa mshazari, na epithelia ya tabaka moja ikaonekana kama ina matatu au manne. Utumbo mwembamba umejaa mahali pa namna hiyo, hasa kwenye vitezi vilivyo chini ya vili, vile vidole vya ukuta wa utumbo vinavyoingia uwazini. Dawa yake ni kusogeza slaidi na kutafuta mahali ambapo viini vimejipanga mstari mmoja kama ushanga kwenye uzi. Hapo kisu kilipita wima, na hapo ndipo pa kuamini. Mahali pamoja safi pana uzito kuliko kumi palipovurugika.

Pili, matabaka bandia. Weka slaidi ya trakea. Viini viko juu, katikati na chini, na macho yanakuambia ni matabaka matatu au manne. Kwa kweli kila seli imeketi sakafuni. Nyingine ni fupi, hazifiki juu. Nyingine ni ndefu, zimefika uwazini. Viini vyake vimekaa kwenye vimo tofauti, na ndivyo vinavyodanganya.

Utaitofautishaje na matabaka ya kweli, ikiwa mipaka ya seli haionekani? Tazama viini vya juu kabisa. Katika epithelia bapa ya matabaka mengi, viini vya juu vimelala. Katika matabaka bandia viini vyote ni duara au yai lililosimama, na juu ya kiini cha mwisho kuna eneo pana la waridi lisilo na kiini, kisha nywele nyororo zinazoitwa silia. Ukiona silia kwenye kitu kinachofanana na matabaka mengi, karibu kila mara ni matabaka bandia.

Tatu, idadi isiyokaa sawa. Kibofu kikiwa kitupu epithelia yake huwa na matabaka matano, sita au zaidi. Kikijaa hutanuka, yakabaki mawili au matatu. Usishangae slaidi mbili za kibofu zikitofautiana; ndiyo maana inaitwa ya mpito.

Mwisho wa hatua hii uwe umeandika moja ya majibu matatu: tabaka moja, matabaka mengi, au matabaka bandia. Usiandike jina la kiungo bado.

## Hatua ya 6: Soma umbo kwenye viini

Kiini hufuata umbo la seli yake. Ukiliamini jambo hili hutapata shida tena na mipaka iliyofifia.

Kiini kilicholala kama punje ya mchele: seli ni bapa. Kiini cha duara kilichokaa katikati: seli ni mchemraba, urefu na upana wake vinakaribiana. Kiini cha yai lililosimama, kikiwa karibu na sakafu, na viini vyote vimejipanga kimo kimoja: seli ni nguzo.

Bapa ya tabaka moja ndiyo inayowatesa wengi, kwa kuwa karibu haionekani. Kwenye slaidi ya pafu utaona kuta nyembamba za vifuko vya hewa, na hapa na pale kiini kimevimba kama fundo kwenye uzi. Hilo fundo na huo uzi ndiyo seli yenyewe. Ni nyembamba kwa sababu oksijeni inapaswa kupita haraka: kutoka hewani hadi kwenye damu, kizuizi mahali penye wembamba zaidi ni chini ya maikromita 1. Aina hiyo hiyo imetandikwa ndani ya moyo na mishipa yote ya damu, na juu ya utando unaozunguka mapafu, moyo na matumbo.

Mchemraba itafute kwenye figo. Utaona maduara mengi yenye uwazi katikati, kila moja limezungukwa na viini vya duara kama shanga. Ukiona duara moja uwazi wake una ukungu wa waridi na jingine uwazi wake ni safi, umekwisha tofautisha sehemu mbili za mfereji wa figo: wenye ukungu ni ule wa mwanzo, unaofyonza zaidi, nao una mikrovili nyingi, yaani vinyweleo vifupi mno vya uso wa seli.

Nguzo itafute tumboni, kwenye utumbo, kwenye kifuko nyongo na kwenye mirija ya mayai.

Sheria ya matabaka mengi. Hapa jina linatokana na tabaka la juu kabisa, lile linalogusa uwazi. Seli za chini za umio ni mchemraba au nguzo fupi, za katikati zina pembe nyingi, za juu ni bapa. Jina lake ni bapa ya matabaka mengi. Anayesoma kutoka chini ataandika mchemraba, na atakosa.

Mchemraba ya matabaka mengi ipo, ila ni adimu: mirija ya tezi za jasho ina matabaka mawili ya namna hiyo. Nguzo ya matabaka mengi ni adimu zaidi. Jina mojawapo kati ya haya likikujia kwanza, rudi hatua ya 5 uhakikishe mkato haukuwa wa mshazari.

## Hatua ya 7: Kagua uso wa juu

Silia zinaonekana kama nywele, unaweza kuona moja moja ukichezesha skrubu ndogo. Urefu wake ni maikromita 5 hadi 10, na chini yake kuna mstari mweusi mwembamba ambapo mizizi yake imejipanga. Kazi yake ni kusukuma: kwenye trakea husukuma ute na vumbi kwenda juu, kwenye mirija ya mayai husaidia kulisogeza yai.

Mikrovili ni fupi mno, maikromita 1 hivi. Huzioni moja moja. Unaona ukingo wa waridi uliokolea, ulionyooka, kama umepigwa kwa rula. Kazi yake ni kuongeza eneo la kufyonza.

Seli za ute hazishiki rangi hizi vizuri, kwa hiyo huonekana kama vikombe vyeupe katikati ya seli za waridi. Usizidhanie kuwa matundu au mapovu. Utaziona kwenye utumbo na kwenye trakea.

Keratini ni protini ngumu, nayo utaiona kama tabaka la juu la waridi lisilo na viini, mara nyingi limechanika kama maganda. Ngozi inayo, na ile ya kiganja na ya unyayo ni nene kuliko zote. Umio wa binadamu, mdomo kwa ndani ya shavu, na uke havina: seli zao za juu bado zina viini. Ulithibitisha mwenyewe hatua ya 2, kwani kila seli ya shavu uliyoitazama ilikuwa na kiini.

Onyo kubwa. Slaidi nyingi za kufundishia zimetokana na wanyama. Umio wa panya una keratini. Nimewahi kumwona mwanafunzi akikosa alama kwa kueleza kwa usahihi alichokiona, kwa kuwa hakuna aliyesoma lebo. Soma lebo. Katika mtihani usio na lebo, eleza kwanza kilichopo mbele ya macho yako, jina la kiungo lifuate.

Seli za mwavuli ni alama ya kibofu. Seli za juu ni kubwa, zimevimba kuelekea uwazini kama kuba, na nyingine zina viini viwili. Ukisita kati ya epithelia ya mpito na bapa ya matabaka mengi, uliza: viini vya juu ni vya duara au vimelala? Vya duara, tena seli zimevimba: mpito. Vimelala: bapa.

## Hatua ya 8: Andika jina kamili, pamoja na sababu

Jina lina sehemu tatu kwa mpangilio huu: matabaka, umbo, pambo la juu. Mfano: epithelia ya matabaka bandia, nguzo, yenye silia na seli za ute. Baada ya jina andika mahali na kazi, kisha alama mbili ulizoziona zilizokufanya uamue. Msahihishaji hutoa alama kwa sababu, na wewe mwenyewe utagundua kosa lako unapoiandika.

Kazi usiikariri, itoe kwenye umbo. Tabaka moja jembamba linapitisha vitu. Seli nene za mchemraba na nguzo zina nafasi ya mitambo ya kufyonza na kutoa. Matabaka mengi yanavumilia kusuguliwa, kwa sababu za juu zikichubuka za chini zinagawanyika na kupanda. Ndiyo sababu ulizichota seli za shavu bila kuumia: zilikuwa tayari zimelegea pale ziliposhikana na jirani zake, zinangoja kung'oka. Utumbo nao hubadilisha seli zake kila siku 3 hadi 5.

Na usifikiri kiungo na epithelia yake ni ndoa isiyovunjika. Mayai ya kichocho cha mkojo, ugonjwa tunaoujua vizuri mwambao na Kanda ya Ziwa, hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza kwa miaka. Epithelia ya mpito hubadilika ikawa bapa ya matabaka mengi, na baadhi ya wagonjwa hupata saratani ya seli bapa. Moshi wa sigara hufanya vivyo hivyo kwenye njia za hewa: silia hupotea, seli bapa hushika nafasi, na ute ukakosa wa kuusukuma. Siku utakapokaa kwenye maabara ya hospitali, mtu aliyekariri tu kwamba kibofu ni mpito hataliona badiliko hilo. Aliyezoea kutazama ataliona.

## Slaidi moja, mwanzo hadi mwisho

Lebo imefunikwa. Kwa lenzi ya 4 naona uwazi mpana, na ukingo wake umechongoka kama vidole virefu vinavyoingia kwenye weupe. Nafuata kidole kimoja. Ndani yake kuna waridi hafifu na mshipa mdogo: hiyo ni tishu unganishi, kwa hiyo sakafu iko kati ya hapo na ukingo.

Kwa lenzi ya 40, chini kabisa baina ya vidole, naona viini vimerundikana kama matabaka manne. Sipaamini, vimekaa ovyo. Nasogea kwenye ubavu wa kidole: viini vimejipanga mstari mmoja, vya yai, vimesimama, kimo kimoja. Tabaka moja, nguzo. Juu kuna ukingo wa waridi ulionyooka, na katikati ya seli kuna vikombe vyeupe.

Jibu: epithelia ya tabaka moja, nguzo, yenye mikrovili na seli za ute. Utumbo mwembamba. Hufyonza chakula na kutoa ute. Sababu: mstari mmoja wa viini vilivyosimama, na ukingo wa waridi kwenye uso huru wa vili.

## Zoezi la wiki moja

Funika lebo za slaidi saba kwa karatasi ya gundi na uzichanganye. Kila siku tazama zote, dakika tatu kwa kila moja, uchore na kuandika jina, mahali na sababu mbili. Chora kwa rangi mbili tu, na uchore kilichopo, hata kama kimechanika.

Fungua lebo baada ya kumaliza zote, si moja moja. Ukifungua moja moja unaanza kukisia zilizobaki. Uliyoikosa ianzie hatua ya 3 siku hiyo hiyo, wala usirudi kwenye jedwali. Ukipata zote saba siku mbili mfululizo, ongeza tezi ya thairoidi, ambayo mchemraba wake hurefuka tezi ikifanya kazi sana, na epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani, yenye matabaka bandia na vinyweleo virefu vinavyofanana na silia lakini havitikisiki.